Miche Katika Chumba cha Shantel

Kaloleni, Kisumu
12 Mei 2024

Kwako Nekoye mwanangu,

Pokea salamu za nyumbani. Sisi tuko salama, isipokuwa goti langu ambalo lina tabia zake. Binti yako Shantel ni mzima, anakula, na amejua kuandika jina lake ingawa ile S anaigeuza. Mume wako Oluoch yuko njiani na lori, Busia au Kampala, sijui. Wewe je? Huko Kanada baridi imekwisha? Unakula chakula, au bado ni vile vitu vya kwenye karatasi?

Nakuchapia barua na kuituma kwa simu, kwa sababu ukinipigia sikusikii. Sikio la kushoto limeacha kazi.

Jambo lenyewe ni hili. Shamba la Ahero limekwenda na maji. Si langu peke yangu. Akina mama wote wa kikundi chetu cha kanisa wamebaki bila mche hata mmoja. Maji yakishuka kila mtu atataka kupanda mara moja, na miche itatoka wapi? Nimewaambia nitaiotesha mimi, ndani ya nyumba, chini ya taa. Mboga za osuga na sukuma, na nyanya. Walicheka, lakini hakuna aliyekataa.

Wewe unafanya kazi kwenye hizo nyumba za vioo ambako nyanya zinamulikwa kama mchana. Niambie nitafute taa gani. Wako wanaosema LED. Wako wanaosema sodiamu, ile ya rangi ya chungwa kama taa za barabarani za zamani. Mimi hapa niko darasa la kwanza, usinipe maneno mengi.

Nitatumia chumba cha Shantel. Kina soketi nzuri.

Ni mimi mama yako,
Benta Adongo


Leamington, Ontario
15 Mei 2024

Mama mpendwa,

Nimefurahi kusikia mko wazima. Pole sana kwa shamba. Mimi niko salama, mgongo tu, maana wiki hii tunafunga nyanya kwenye kamba kuanzia asubuhi. Na ninakula, Mama. Jana nilipika ugali hadi wenzangu wakaja kuuliza ni nini kinaungua.

Sasa hiyo taa. Naomba kwanza nishangae kidogo. Huku watu wananunua mwanga kwa sababu jua lao halina nguvu. Wewe uko Kisumu, Mungu amekupa jua la kukausha omena na kubaki, halafu unataka kulifungia mlango?

Lakini najua ukisema umesema. Basi chukua LED. Anayeanza hana haja ya kitu kingine. Haipati moto sana, unaweza kuishusha karibu na miche bila kuiunguza, na haili stima nyingi. Mwambie muuzaji akuonyeshe inakula wati ngapi hasa ikiwashwa, maana kwenye boksi wanaandika namba ya uongo. Chagua yenye mwanga mweupe, achana na ile ya zambarau, itakuumiza macho.

Sodiamu usiiguse. Tunazo huku, ni taa nzuri kwa jengo kubwa lenye paa la juu na baridi nje. Katika chumba kidogo cha Kaloleni hiyo ni jiko. Inahitaji balasti, lile boksi zito la chuma la kuiwasha, na lenyewe linachemka.

Halafu Shantel atalala wapi?

Binti yako,
Nekoye


Kaloleni
2 Juni 2024

Nekoye mwanangu,

Salamu nyingi. Goti limetulia. Natumaini mgongo nao umekusikia.

Kuhusu jua ulilosema: uani kwetu kuna bata wa jirani ambao hawajui mche ni nini wala huruma ni nini. Mvua inapiga kila alasiri, na maji ya mtaro yakitaka kuingia hayabishi hodi. Nikiweka kitalu nje, nitakuwa nawapikia bata.

Asante kwa ushauri wa taa. Nimeuelewa wote. Taa iliyokuja ni sodiamu.

Usinune kabla hujamaliza kusoma. Oluoch ana rafiki kwenye shamba moja la maua huko juu, wanatoa taa zao za zamani, akamwachia moja pamoja na balasti yake. Mwanangu ameibeba kwenye lori kutoka mbali akifikiria kunifurahisha. Ulitaka nimwambie airudishe? Amenitundikia kwenye dari mwenyewe, kwa mnyororo. Ikiwaka, chumba kizima kinakuwa kama machweo, na mwanga unatoka hadi barabarani. Watu wa mtaa walianza kusema nimefungua baa. Mmoja alisema bangi. Mzee wa nyumba kumi alikuja kuchungulia, nikamwonyesha sukuma, akaondoka na haya.

Shantel analala palepale. Kitanda tumekisogeza ukutani.

Mama yako,
Benta


Leamington
4 Juni 2024

Mama,

Natumaini mko salama. Nimesoma barua yako mara mbili nikitafuta mahali ulipofuata neno langu hata moja, sikupaona.

Uliniuliza mimi. Kazi yangu ni kushinda chini ya taa hizo. Oluoch anajua lori, na kwa lori namheshimu. Kwa nini nikiulizwa nisisikilizwe?

Sasa nisikie kwa haya mawili, mengine uyaache. Mtoto atoke chumba hicho. Na usinyunyize maji taa ikiwa inawaka wala ikiwa bado ina moto. Kile kioo kikiguswa na tone la baridi kinapasuka. Huku tunavaa miwani kuvibadilisha.

Nimempigia Oluoch. Ameniambia, "Mama anajua anachofanya." Hilo nalo limenichosha.

Nekoye


Kaloleni
16 Juni 2024

Nekoye,

Salamu. Naona wewe ni mzima, maana hasira yako ina afya.

Sitaki kubishana. Nakuandikia kukuambia miche imeota, na nyanya zimeota nyingi kuliko nilivyotarajia. Osuga bado inajifikiria.

Nitakuambia na mengine, lakini usimwambie Oluoch kwamba nimesema. Hii taa yake ina kiburi. Stima ikipepesa kidogo tu, kama unavyojua stima yetu, taa inazima na hairudi. Taa nyingine zote za nyumba zinarudi, hii inakaa gizani mpaka ipoe, ndipo inaanza tena polepole kama mtu anayeamshwa kwenda shamba. Tokeni za stima zinakwisha nikiziangalia. Tumeiinua juu kwa sababu ya joto, na sasa miche inaitafuta. Imekuwa mirefu, myembamba, mingine imelala. Chumba ni moto. Shantel anatupa shuka chini.

Najua unachotaka kusema. Usiseme. Nimeahidi wanawake kumi na zaidi miche, na hiyo ndiyo taa niliyo nayo.

Mama yako,
Benta


Leamington
23 Juni 2024

Mama,

Leo nimezungumza na Shantel kwa simu ya baba yake. Nilimuuliza habari ya shule. Akaniambia, "Dani alimwagia taa maji ikalia paa, vioo vikaanguka kwa shuka yangu." Bibi yake anayemwita Dani ni wewe, Mama.

Nilimuuliza yeye alikuwa wapi. Alikuwa mlangoni, ametoka kuchukua kiatu.

Nilimuuliza baba yake ni lini. Akasema Alhamisi. Alhamisi, Mama, na leo ni Jumapili, na hakuna mtu mzima katika nyumba hiyo aliyeona ni vyema kuniambia.

Nimeomba dada yangu Nasipwondi aje kumchukua kesho. Atakaa naye Otonglo, kuna shule ya watoto karibu na soko, na chumba chake hakina kitu chochote kinachoning'inia. Tafadhali mfungie nguo zake. Sitaki tujadiliane.

Nekoye


Leamington
21 Julai 2024

Mama mpendwa,

Sijui nianze vipi. Natumaini u mzima. Nimekutumia ujumbe mara kadhaa, naona umefika, hujibu. Nimemuuliza Oluoch, ananiambia uko sawa, unasalimu. Huwa hunisalimu kupitia kwa mtu.

Kama umenikasirikia, nikasirikie kwa maneno. Nimezoea maneno yako. Hiki kimya sikijui.

Sijutii kumwondoa mtoto. Lakini barua ile niliiandika nikiwa nimesimama kwenye foleni ya kuingia kazini, na sikuuliza kama wewe uliumia. Nilikumbuka baadaye, nikaona aibu, halafu siku zikapita, na aibu ikawa kubwa zaidi.

Nyanya zimefika wapi? Maji ya Ahero yameshuka? Niandikie hata mstari mmoja wa kunitukana.

Binti yako,
Nekoye


Kaloleni
11 Agosti 2024

Nekoye mwanangu,

Natumaini barua hii inakukuta na nguvu, maana ni ndefu na nimeichapa kwa kidole kimoja.

Sikukununia. Ile taa ilipopasuka nilikuwa chini yake na chupa ya kunyunyizia, mkono wa kulia uko juu. Kioo cha moto kiliniangukia kuanzia kiwiko hadi vidoleni. Hospitali walinifunga bandeji mkono mzima, nikawa kama mtu aliyevaa soksi mkononi. Ningeweza kumwambia Oluoch akuandikie, lakini ungejua mara moja si mimi, ungeuliza, na ungelia huko peke yako kati ya nyanya za watu. Nikamkataza kusema. Alikuwa amejilaumu hata hakubisha. Sasa ngozi imerudi, ina rangi mbili. Vidole vinakunjika.

Ulinionya kuhusu maji. Siku hiyo stima ilikuwa imekatika, taa imezima, nikadhani imepoa. Haikuwa imepoa. Basi, umesikia, hujawahi kuwa sahihi namna hii tangu uolewe, na naomba usizoee.

Oluoch alikwenda mjini akarudi na LED, nyeupe kama ulivyosema, akasimama kwa muuzaji mpaka akapimiwa wati zake. Tumeishusha hadi karibu na miche. Nilipanda upya. Mwanangu, sikutaka kuipenda, lakini miche imetoka mifupi, shina nene, majani ya kijani ya kweli. Stima ikienda na kurudi, nayo inarudi saa ileile bila kunung'unika. Nyanya ndizo zilizotangulia. Ahero imekauka sehemu za juu, na wiki jana lori lilipeleka trei za kwanza. Wanawake wale hawakucheka tena. Waliuliza taa ni ya aina gani, nikawaambia, na nikawaambia nani alinifundisha.

Hayo ndiyo ya kufurahisha. Sasa nikwambie yanayonikera, maana nimechoka kuyabeba.

Jana nilikwenda Otonglo kumwona Shantel. Nilimkuta sokoni, dada yako akipima nyanya, mtoto anakimbiakimbia nyuma ya gunia. Aliniona, akafurahi, akanikimbilia. Akajikwaa, akaanguka, goti likachubuka. Mimi nilikuwa karibu kabisa nimefungua mikono. Alinipita, Nekoye. Alinipita akaenda kushika sketi ya Nasipwondi, akasema, "Mama, nimeumia."

Nasipwondi aliona haya. Akaniambia, "Mama Benta, ni wateja. Wote hapa wananiita Mama, mtoto ameiga."

Nikamwambia, "Najua, binti yangu."

Na kweli najua. Dada yako hana kosa. Mtoto ni msafi, ameshiba, amenenepa. Lakini nilirudi nyumbani nimekasirika mpaka nikasahau kushuka kituo changu, na sijui hasira nimpe nani.

Sikia. Miaka miwili Shantel amekuwa kwangu. Alipofika alikuwa mdogo, na siku moja aliniita mama, kama watoto wanavyofanya. Nilimketisha mapajani nikamwonyesha picha yako. Nikamwambia, mimi ni Dani, mama wa baba. Mama yako ni huyu, anaitwa Nekoye, yuko kazini mbali. Tangu hapo kila tukiomba kabla ya kula alikutaja wewe kwanza, na asipokutaja sikupakua. Sikukuambia kwa sababu halikuwa jambo la kusifiwa. Ni nafasi yako, mimi nilikuwa nailinda tu isikaliwe, hata na mimi.

Sasa siwezi kuilinda nikiwa Kaloleni na yeye Otonglo. Wala dada yako siwezi kumwagiza awe anamsahihisha mtoto katikati ya wateja.

Wewe nyar Bungoma, binti wa Bungoma, ulikuja kuolewa kwangu ukiwa msichana usiyejua kupepeta dengu, na nilikugombeza sana. Nakugombeza tena. Ulikuwa na haki ya kumtoa mtoto kwenye chumba kile. Lakini mambo mengine hayanyookeshwi kutoka Kanada kwa simu. Usije kwa sababu ya mkono wangu, mkono umepona. Njoo umwone mwanao kabla hajazoea.

Nimechoka kuchapa.

Mama yako,
Benta Adongo


Leamington
13 Agosti 2024

Mama,

Nimesoma barua yako chooni, maana ndipo mahali pekee hapa ambapo mtu anaachwa peke yake. Nimetoka macho mekundu, msimamizi akadhani ni dawa ya kunyunyizia.

Ulitakiwa kuniambia kuhusu mkono. Nimekukasirikia na nitakukasirikia tena nikiuona. Oluoch naye ajiandae.

Mkataba wangu unakwisha Oktoba. Waliniletea mwingine wa kusaini, ulikuwa mfukoni mwangu tangu wiki iliyopita. Leo nimeurudisha bila kusaini. Msimamizi ameniuliza kama nimefikiria vizuri. Nikamwambia nimechoka kufikiria vizuri, nataka kwenda nyumbani.

Nimezungumza na Nasipwondi. Alilia, maana amemzoea, lakini anaelewa. Atakuletea Shantel Jumamosi. Kitanda chake kiwe chumbani kwako. Miche ibaki na chumba kile hadi Ahero yote ikauke, na usiniambie hakuna shida mtoto kulala nayo, nakujua.

Akifika, kabla hajavua viatu, mwambie nani yuko njiani. Akiuliza ni lini, usimdanganye kwamba ni kesho. Mwambie ni baada ya nyanya kuiva.

Binti yako,
Nekoye