Shimo Alilolipima Mama

Dada yangu,

Kitambaa ulichotuma kimefika. Mama amekipenda, ila hatakishona hivi karibuni. Kwenye simu nilikwambia aliteleza. Hakuteleza. Alitumbukia kwenye lile shimo la njia ya miguu mbele ya kibanda chake cha kushonea, akavunjika mkono wa kulia.

Kazi yangu hapa halmashauri unaijua, kupokea taarifa za mashimo. Kabla hajaanguka, Mama alileta tatu za shimo hilo hilo. Alilipima kwa utepe wake wa kupimia nguo, akaandika urefu, upana na kina, utadhani analishonea suruali. Wenzangu walicheka. Nikaogopa wasije wakasema napendelea mtaa wetu, basi zote tatu nikazigonga muhuri wa "Imekaguliwa" na kuzitia kwenye faili. Sikwenda kukagua. Nilijiambia shimo lenyewe si nalipita kila asubuhi?

Mama anadhani mimi napokea tu karatasi; hajui kuwa muhuri ule niliugonga mimi. Namlisha uji huku nikitazama bakuli.

Jana aliniomba nimwandikie taarifa ya nne. Vipimo alivitaja kwa kichwa, ila kina akakiongeza, maana safari hii, alisema, amekipima kwa mguu wake mwenyewe. Nikaandika. Nilipomaliza akaniambia, "Rudia, mwanangu, herufi ziwe kubwa. Huyo karani huenda macho yanamsumbua, maskini."

Nimerudia kwa herufi kubwa, dada. Iko hapa mezani kwangu, na muhuri uko pembeni yake.

Ni mimi, mdogo wako