Baba Amejifunza Kutoa Pumzi

Mlango wa Kijani, Ghorofa ya Pili,
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa mdogo wangu Mvukuto,

Habari za huko? Natumaini kile kikohozi ulichokitaja kwenye barua yako ya mwisho kimekwisha na unakula chakula, si chai tu. Sisi hatujambo, hatujambo ile ya kusemwa kabla ya mambo kuanza. Mama ni mzima isipokuwa magoti. Mimi bado napokea simu za watu wanaotaka kuhamishiwa vyombo, na bado wanasema vitu vyao ni vichache tu.

Sasa Baba. Mwezi wa kwanza mgongo ulimkamata akiwa jikoni. Hakuwa amebeba jokofu wala piano. Alikuwa ameinua birika la chai. Akabaki ameinama pale pale mpaka nikamwita jirani, tukamlaza. Tangu siku hiyo akawa hawezi kuinuka kitandani mpaka ashikwe.

Daktari alisema misuli ya ndani, ile inayoushika uti wa mgongo, imelegea. Akampa miezi miwili ya mazoezi. Ikiisha naye bado anainuliwa, atapasuliwa. Unamjua Baba: mzigo hauogopi, lakini kisu anakiogopa sana, na mimi nilikiogopa pia.

Tukapelekwa kwa binti wa mazoezi ya viungo, mfupi, hana haraka. Alimlaza chali, magoti juu, akamwekea vidole chini ya kitovu, akamwambia atoe pumzi polepole mpaka ahisi tumbo linakaza kwa ndani. Baba akabana pumzi. Binti akarudia. Baba akabana zaidi, macho yakamtoka. Akamgeuza, akamweka kwa mikono na magoti kama mtoto anayetambaa. Kwa mkao huo, alisema, tumbo linaning'inia, na msuli ule ule unafanya kazi kubwa kuliko mtu akilala chali. Baadaye utakuja mkao wa kukaa, halafu wa kusimama. Baba akabana huko nako.

Ndipo akamweleza. Kubana pumzi si kosa kwa mzigo mzito wa mara moja, lakini yeye anabana hata akifunga kamba za viatu, kwa hiyo misuli imezoea kukaa bure. Baba akajibu kwamba amebeba vyombo vya watu miaka thelathini na minne kwa "moja, mbili, bana", na hakuna kitu kilichowahi kuanguka.

Mimi na kimbelembele changu nikasema kimoja kilianguka.

Unakijua. Kabati la milango mitatu, ngazi za yule mjane, wewe upande wa chini unapuliza "fuuu" kila kipandio. Kioo chake kilipovunjika Baba alisema mbele ya wabebaji wote kwamba unapumua kama mwanamke anayejifungua, na kazi hii haikufai. Wiki haikuisha ukafunga begi. Miaka sita sasa, na jina lako mezani linarukwa kama kipandio kibovu.

Nikamuuliza yule binti kuhusu mtu anayepuliza hivyo akiinua mzigo. Akasema huyo anautunza mgongo wake. Baba aligeukia ukuta. Njiani sikumbembeleza. Nilikuwa na hasira naye, nakuambia wazi.

Kwa majuma matano alifanya mazoezi mlango umefungwa, kama mtu anayekula kwa siri. Sikuuliza. Wakati mwingine nilisikia akirusha mto ukutani kwa hasira.

Alhamisi hii asubuhi mimi na Mama tulikuwa jikoni. Tukasikia kutoka chumbani "fuuu", ndefu, ile yako hasa. Mama akaangusha kijiko, akakimbia na magoti yake hayo, akiita, "Mvukuto! Mwanangu umekuja!"

Akafungua mlango. Baba alikuwa amesimama kando ya kitanda, peke yake, hajashikwa na mtu, mkono chini ya kitovu. Mama akamtazama, akatazama nyuma ya mlango kukutafuta, kisha akakaa kitandani akalia. Nilidhani Baba atafoka. Akaketi kando yake, akainuka tena kwa pumzi ile ile, kama anayehakikisha.

Halafu akaniambia, "Mwandikie. Mwambie alikuwa anapumua sawasawa."

Nimeandika kama alivyosema, sikuongeza kitu. Kisu kimeahirishwa, na binti wa mazoezi ameridhika.

Jirani anakusalimu, na wabebaji wa zamani pia, hasa Kipara, ambaye siku hizi anapuliza hadharani. Mama anakubusu na anauliza kama una blanketi. Mungu akulinde huko, akuongoze njia ya kurudi.

Baba hakutuma salamu. Amesema salamu zako anazo, atakupa mwenyewe ukifika, na atakuja kukupokea kituoni kwa miguu yake.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata unapokaa kimya