Miaka Tisa Nimemwandikia Mzee Dubow kwa Jina la Marehemu

Mpendwa mshauri, Mama Ndululu, pokea salamu zangu kutoka huku Kambu. Mimi ni msomaji wako wa kila Jumamosi na sikuwahi kufikiria siku moja nitashika kalamu nikuandikie, maana nilizoea kuwacheka wanaokuletea mambo ya wakwe na wake wenza, lakini leo limenifika mimi na naomba msaada wako kabla mwezi wa nane haujafika, kwa sababu kuna mzee anakuja nyumbani kwangu kumwona mtu ambaye nilimzika mwaka wa 1989.

Acha nianzie mbali ndio unielewe. Mwaka wa 1976 mimi na mume wangu Mulei tulikuwa tumeoana mwaka mmoja tu, serikali ikampeleka kufundisha Kyuso, mimi nikabaki hapa na duka letu kando ya barabara ya Mombasa, duka la sukari na mafuta taa na sare za shule, na siku hizo kutoka hapa mpaka Kyuso ilikuwa safari ya siku mbili ukiwa na bahati, kwa hivyo tulikuwa watu wa barua, na barua zilipoishiwa habari Mulei akaanza kunichorea mji. Alichora nyuma ya kalenda, barabara mbili, soko, kanisa, msikiti, akauita Mbuani, kwa sababu kwetu mbua ni mvua na yeye huko Kyuso alikuwa amesahau hata harufu yake, akaniandikia, "Kaluki, chagua ploti yako, mwezi ujao uniambie umejenga nini." Nikachagua kando ya soko nikafungua hoteli. Mama, nilikuwa na miaka ishirini na mbili, nilipika chapati za karatasi mpaka nikashiba!

Basi walimu wenzake wakaona ile ramani ukutani, hedimasta akauliza huu mji uko wapi, Mulei akamjibu, "Uko kwa posta," na hedimasta mwenyewe akaomba ploti. Kutoka hapo ulienea, nesi mmoja, makondakta wawili, mke wa pasta, karani wa korti, ikafika mwaka tulikuwa watu arobaini na mmoja kutoka Kambu mpaka Tseikuru, na wengi hawakuwa wamewahi kuonana. Kila mwezi unaandika umefanya nini Mbuani, barua zote zinakuja kwangu mimi karani wa mji, mimi nanakili kila kitu kwa mkono wangu na karatasi za kaboni, narudishia kila mtu habari za mji mzima. Hakuna kuandikiana moja kwa moja, hiyo ilikuwa sheria. Sheria ya pili, ukiwa Mbuani huruhusiwi kufanya kazi unayoifanya kweli. Na ya tatu ndiyo tuliipenda zaidi, mvua ya Mbuani ilikuwa ni mvua ya kweli, yaani mpaka mchezaji mmoja aandike imenyesha kwake nyumbani, hata kama ni Tseikuru peke yake, ndio sisi wote tunapanda. Ai, hungeamini vile watu wazima walikuwa wanashangilia tone la mvua lililoanguka kwa mtu wasiyemjua. Mulei alikuwa anasema hii ni kampuni, iko siku itakuwa na ofisi Nairobi, na mimi namwambia kwanza amalize kupanga sukari.

Mzee Dubow aliingia mwaka wa 1978. Ni mfanyabiashara wa mifugo Tseikuru, alisikia habari zetu kwa yule nesi, aliyekuwa huko huko kwao, akatuma barua fupi, "Nimesikia kuna mji una mvua. Nipeni shamba." Kwa sababu ya sheria ya kazi yeye akawa mkulima wa ndengu, na Mulei, ambaye hakuwahi kuchunga kitu kikubwa kuliko kuku, akajipa ngamia sita, na ploti zao zikapakana, na hapo ndio kicheko kilianza. Mulei anaandika amewapanga ngamia mstari, Dubow anamjibu, "Mwalimu, ngamia hakemewi kama mtoto wa darasa la tatu." Dubow anapanda ndengu kabla ya mvua, Mulei anamwambia umewalisha kanga bure. Walichimba kisima pamoja miezi saba, kina cha mkono mmoja kila barua. Hawakuwahi kuonana, kwa sababu Mulei alihamishiwa huku kwetu mwaka wa 1980 na mzee safari zake zilikuwa za upande wa Garissa, lakini Mulei alikuwa akisema rafiki yake wa kwanza duniani anaitwa Dubow.

Mulei alishikwa na malaria mwezi wa nne 1989, siku tatu tu, akaenda. Mama, wiki hiyo hiyo, matanga hayajaisha, watu wamejaa uani, barua ya Tseikuru ikafika, na ndani Dubow anaandika kwamba mke wake Arbaco amefariki, "Mwalimu, nyumba imekuwa kubwa. Niambie kitu." Mimi nilitaka kumjibu kwamba mwalimu pia hayuko, naapa nilitaka, nikaandika salamu, mkono ukakataa, nikaona nitamuua yule mzee kwa karatasi. Nikaandika kama Mulei. Nikamwambia asihamishe vitu vya Arbaco kwanza, kikombe chake akiache mahali kilipo, na watu wakimwambia ajikaze awaitikie tu na asijikaze. Ndivyo nilivyokuwa nafanya mimi. Akajibu, "Mwalimu, umejuaje?"

Nilisema ni barua hiyo moja tu. Sasa ni miaka tisa. Wachezaji wa hapa karibu walikuja mazishi, wakadhani Dubow nimemjulisha, nami habari za ngamia nikawa namtumia yeye peke yake, wa mbali nao wakapungua mmoja mmoja, televisheni zikaja, watoto wakaanza sekondari, tumebaki watu wanne, lakini Dubow hajakosa mwezi hata mmoja, na mimi nimefuga ngamia wa marehemu mpaka wamekuwa ishirini na tatu, na kila kitu ninachokijua kuhusu ngamia amenifundisha yeye. Siwezi kudanganya kwamba ilikuwa ni mzigo. Barua yake ikifika nafunga duka nusu saa. Halafu Jumapili kanisani tukiitwa kutoa ushuhuda naangalia chini.

Sasa shemeji yangu Mutie, kitinda mimba wa akina Mulei, ametoka Nairobi na wenzake wawili wamefungua kampuni ndogo mjini Kitui, chumba kimoja nyuma ya studio ya picha, wanatengeneza michezo ya kompyuta, wanasema watu watakaa mbali mbali na watatembea ndani ya mji mmoja kupitia waya wa simu, na mji wanaotaka kuanza nao ni Mbuani. Alinionyesha. Mama, nimeona hoteli yangu na paa jekundu! Nimeona msikiti na kanisa na kisima, nikalia mbele ya watoto wa watu. Anataka sanduku langu ninamoweka nakala za barua zote, na nilipomweleza habari ya Dubow akaniambia, "Shemeji, hiyo ni rahisi. Barua zote za Mulei tutaziingiza ndani, kompyuta itachagua maneno yake yenyewe ijibu kama yeye, sisi tutachapisha na kumtumia. Mzee ataandikiwa mpaka mwisho wa maisha yake. Wewe mwandikie tu kwamba mwalimu amehamishwa Pwani, asije."

Kwa sababu mzee anakuja. Hii ndiyo barua yake ya mwisho, nainakili kama ilivyo: "Mwezi wa nane naenda Kitui nikatazamwe macho. Daktari akishindwa basi. Lakini kabla giza halijafunga nitafika Kambu, nataka kuuona uso wa mtu aliyeniandikia nilipomzika Arbaco."

Nifuate maneno ya Mutie nimwachie mzee furaha yake, ama niseme ukweli nimnyang'anye rafiki akiwa karibu kupofuka? Usingizi nimepoteza na sukari napima vibaya. Nisaidie.

Ni mimi, Kaluki, Kambu.

MAMA NDULULU ANAJIBU:

Kaluki, majina yenu nimeyabadilisha yote, na jibu hili nilikutumia kwa posta wiki tatu kabla ya gazeti kuchapishwa, ili asije mtu akamsomea mzee wako habari hii sokoni. Wengine mtanisamehe kwa kuchelewa.

Kwanza, pole. Pole ya miaka tisa, kwa sababu nadhani hujapewa. Mtu ambaye mwezi baada ya mwezi anamfugia mumewe ngamia kwa karatasi hana nafasi ya kumlilia. Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, nikaketi, nikaisoma tena, na pale kwenye kikombe nilivua miwani. Mimi pia nilizaliwa kwenye nyumba ya kungojea barua. Najua sauti ya bahasha nene.

Haya, sasa kaa vizuri nikugombeze.

Ulikosa, mama. Si ile barua ya kwanza. Ile hata mimi ningeiandika, na atakayekurushia jiwe kwa ile amrushie na Ndululu. Ulikosa kwa ya pili. Mlikuwa na mji mzima ambamo hakuna aliyethubutu kudanganya kwamba mvua imenyesha, watu wazima arobaini na mmoja wanaaminiana kwa tone la maji, na wewe uliyeshika kalamu ya mji ndiye uliyedanganya jambo kubwa kuliko mvua. Mzee Dubow amekosa kumwombea rafiki yake dua miaka tisa. Umefikiria hilo? Wewe ulipata matanga, uji, nyimbo za kina mama, watu wamejaa uani. Yeye hukumpa hata siku moja.

Na huyo Mutie! Mwambie nimemsikia. Kazi yake ni nzuri, wala simchekelei, na kama waya wa simu utawarudisha watu Mbuani, aharakishe tuone. Mimi mwenyewe nataka ploti. Lakini kumtia kaka yake ndani ya mashine imwandikie mzee wa watu mpaka afe, hapana. Wewe ulipodanganya, angalau kulikuwa na mtu anayelia upande wa pili wa karatasi. Kompyuta itachagua maneno ya Mulei, sawa, lakini lile la kikombe halikuwa la Mulei. Lilikuwa lako. Kwenye sanduku zima mashine haitajua ni lipi la nani, na Dubow atakuwa anaongea na chumba kitupu nyuma ya studio ya picha.

Sasa nisikilize hapa. Umeniuliza kama utamnyang'anya rafiki. Soma tena maneno ya mzee, wewe uliyeyanakili kwa mkono wako. Hajaandika anataka kumwona mwalimu. Ameandika anataka kuuona uso wa mtu aliyemwandikia alipomzika mkewe. Sijui kama amekisia, labda la, wazee wana namna zao za kuandika. Lakini mtu huyo yuko hai na anauza sukari Kambu. Huna haja ya kumhamisha Pwani.

Utafanya hivi. Usimngoje mlangoni kwako. Kwetu Ukambani na kwao mzee pia, habari ya msiba mtu hupelekewa kwake, ameketi, watu wake wako karibu. Haangukiwi nayo ugenini akiwa na bendeji machoni. Kwa hivyo wewe ndiye utakayesafiri, tena mwezi huu wa saba, kabla hajaondoka kwenda kwa daktari. Utaenda na Mutie, apende asipende, kwa sababu yeye ndiye ndugu wa marehemu na msiba hutangazwa na wenyewe. Njiani mtamtumia habari mtoto mkubwa wa mzee, ili awepo na aite majirani wawili watatu wa kusoma dua. Chukueni sukari na majani ya chai. Mkienda mikono mitupu nitasikia mpaka huku.

Sanduku, Mutie asilipate kwanza. Toa humo barua zote ulizoandika kwa jina la Mulei tangu mwezi wa nne 1989, zifunge peke yake, umpe Dubow nakala zake akitaka, akikataa mkachome pamoja. Zile za Mulei mwenyewe ni za familia, na nyumba yake Mbuani itafungwa, mashine isiishi humo. Wale ngamia ishirini na tatu si wako na si wa kampuni. Aliyewalea kwa maneno ni Dubow, na ataamua yeye. Akisema wauzwe, wauzwe. Akisema utaendelea kuwachunga kwa jina lako, basi utachunga, na mwezi huo ndio utakuwa wa kwanza wa urafiki wenu.

Anaweza kukasirika. Ana haki. Anaweza kukuambia utoke, na utatoka, utalala kwa yule nesi na asubuhi utarudi kusalimia. Akinyamaza, nyamaza naye, usijaze kimya kwa maelezo. Usiseme ulifanya kwa ajili yake. Sema ulikuwa mpweke.

Halafu kuna jambo moja la mwisho na nataka ulifanye kabla hujanywa hata chai. Mzee macho yake yamebaki kidogo. Kaa karibu, mahali penye mwanga, mwache akutazame mpaka atosheke. Sema jina lako kwanza. La Mulei lifuate.