Nguruwe Ninaowafukuza Wanaishia kwa Bibi Kibibi

Chiungutwa, tarehe 9 Julai. Leo natimiza miezi mitano na siku kumi na moja tangu nitoke kwangu Newala.

Mama mshauri, shikamoo. Naomba unisaidie maana nimechoka na kichwa hakifikiri tena. Shule niliishia darasa la tano kwa hiyo utanivumilia mwandiko, ila kipindi chako nakijua vizuri kwa sababu kila usiku kikirudiwa nafungulia redio kwa sauti kubwa nikiwa dunguni, juu ya jukwaa la kulindia shamba, ili nguruwe pori wajue kuna mtu, ingawa siku hizi wameshakuzoea, wanachimba mihogo huku wanakusikiliza.

Kazi yangu ndiyo hiyo, kuwinda nguruwe usiku kwenye shamba la mtu. Nilifundishwa na marehemu baba, nina mkuki, tochi ya kichwani na mbwa wawili niliotoka nao nyumbani. Nguruwe humkimbizi, unamsubiri kwenye njia yake, upepo ukikupiga usoni, unanyamaza mpaka umsikie anatafuna, ndipo unawaachia mbwa. Ukipiga kelele umemfukuza tu, na nguruwe aliyefukuzwa hajashiba, anakwenda kula kwingine.

Huko kwingine ndiko kwenye shida yangu. Tajiri wangu Bwana Sultani ana shamba kubwa la mikorosho na mihogo, na jirani yake ni Bibi Kibibi, mjane, ekari moja na nusu ya mihogo na njugu mawe, hana mtu wa kumlindia. Chini ya mashamba yote mawili linapita korongo moja ambamo nguruwe wanalala mchana, na njia wanayopandia ipo mpakani, upande wa Bibi. Mwezi wa kwanza nilikaa pale, nikaua wanne. Nyama walikuja kuchukua wanakwaya wa kanisani, na Bibi Kibibi, ambaye ni Mwislamu wa sala tano, hakugombana na mtu, alisema tu, mwanangu, waondoe kabla sijatoka kuchukua udhu. Lakini tajiri akaja juu, kwamba damu ya nguruwe inamchafulia mipaka, nijenge dungu huku juu katikati ya shamba lake, nipige debe, niwashe moto, wageuke. Nikaona ni mambo ya dini yake, nikatii.

Basi wakageuka, Mama. Kila usiku nikipiga debe nawasikia wanakata kushoto, na asubuhi shamba la Bibi limelimwa kama kwa trekta, na tajiri anapita anatembeza wageni akiwaonyesha mihogo yake ilivyosimama, anasema mlinzi wangu huyu katoka Newala, nguruwe wanamwogopa. Nilimwomba mara ya kwanza anirudishe mpakani, akasema ngoja. Mara ya pili akasema mbwa wangu wana kelele. Mara ya tatu, wiki mbili zilizopita, akacheka, akaniambia hivi, "Nimekuajiri shamba langu libaki. Sikukuajiri nguruwe waishe. Yule bibi akichoka kulimia nguruwe atauza, na mimi nipo." Ndipo nikaelewa kwamba miezi yote hii sikuwa mlinzi, nilikuwa mchungaji, nawaswaga nguruwe wa Bwana Sultani kwenda malishoni.

Ningeweza kuvumilia hata hilo, maana maskini anavumilia mengi, lakini Jumapili mke wangu Mama Isabela alinipigia simu analia, kwamba jirani yetu Ladislaus ameweka mlinzi mwenye ngoma na sasa nguruwe wote wamehamia kwetu, nusu ya mihogo imekwisha. Nilipandwa na hasira, nikamtukana Ladislaus kwenye simu mpaka mbwa wakasimama, nikasema hana utu, nikasema mengine ambayo hayafai redioni, na nilipogeuka Bibi Kibibi amesimama pale chini ya dungu na bakuli la mihogo ya kuchemsha, maana huniletea chakula tangu nilipofika, anasema sauti ya debe langu inamwondolea upweke. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akauliza kuna nini. Nikamweleza. Akasikitika sana. Akaniambia, "Pole mwanangu. Jirani anayekusukumia nguruwe huyo si jirani, ni nguruwe mwenye miguu miwili. Mungu anamwona. Kula basi, hii ndiyo ya mwisho iliyobaki karibu na nyumba."

Nikala, Mama mshauri. Nikala yote, na yeye amesimama ananipa pole.

Tangu siku hiyo kila akinitazama naangalia chini. Jana ameniuliza kama namwona Bwana Sultani ni mtu mwema, maana amemtumia salamu za kununua shamba. Nikimwambia ukweli tajiri atanifukuza, na ujira wangu wote nalipwa msimu ukiisha. Nikinyamaza bibi atauza. Nifanye nini? Usinitaje jina, na hao wengine uwape majina mengine. Mimi natarajia kurudi Newala mwisho wa Novemba, korosho zikishaokotwa, Mungu akipenda.

Mlinzi, Chiungutwa

*

Mlinzi, marahaba. Majina nimeyabadilisha kama ulivyoomba, ingawa mwenye shamba akisikia atajijua, na ajijue.

Pole kwa uchovu, pole kwa mihogo ya Mama Isabela. Pole zimekwisha, sasa tusemezane.

Unaniuliza ufanye nini kana kwamba hujui. Mtu aliyekufundisha kusubiri nguruwe upepo ukikupiga usoni hakukufundisha kujificha nyuma ya debe. Miezi minne unasikia wanakata kushoto, na huko kushoto unakujua. Wiki mbili zilizopita umeambiwa kwa kinywa cha tajiri mwenyewe kwamba bibi anasukumwa auze, na usiku ule ule ukapanda tena dunguni ukapiga debe. Halafu ukapata nguvu ya kumtukana Ladislaus! Ladislaus amekukosea nini ambacho wewe hujamfanyia mwanamke anayekulisha? Tena pengine mlinzi wake naye ni baba wa watu, ametoka mbali, anangoja ujira wa msimu.

Hilo la dini pia uliache. Bibi ni wa dini ile ile na alichotaka ni udhu wake tu. Tajiri wako hakusumbuliwa na damu, alisumbuliwa na nguruwe kupungua.

Sasa sikiliza. Kesho asubuhi, ukishuka dunguni, kabla ya kulala, nenda kwa Bibi Kibibi. Usiongee umesimama shambani kama mtu anayepita, piga hodi, ukaribishwe, ukae chini. Mwambie yote, na lile neno la "akichoka atauza" mwambie lilivyosemwa, usilipunguze makali. Atakasirika. Anaweza kukuita lile jina alilompa Ladislaus, na utaitikia. Usijitetee kwa habari ya wanao. Naye shamba hilo ndilo linalomlisha.

Kisha mwende wote wawili kwa mtendaji wa kijiji. Bibi aseme shamba haliuzwi, wewe useme ulichosikia, na hapo hapo mwombe afisa wanyamapori aletwe, ili uwindaji wa pale mpakani uwe wa ruhusa na wa kijiji kizima, si wa mtu mmoja kumsukumia mwenzake. Hao wanakwaya waliokuja mbio kwenye nyama waje mbio na kwenye kazi. Nguruwe hawajui mpaka wa shamba, na mtu mmoja akilinda peke yake amempelekea jirani wageni tu.

Ujira wako wa miezi uliyofanya kazi ni haki yako, uudai mbele ya mtendaji siku hiyo hiyo, masikio ya watu yakisikia. Nadhani tajiri atakufukuza. Na afukuze. Mtu mwenye mkuki na mbwa wawili wanaojua kazi hakosi shamba la kulinda, na la kwanza lipo Newala, linaliwa.

Ladislaus mpigie simu wewe mwenyewe, si Mama Isabela. Usimtukane. Mwambie mlinzi wake ahamie mpakani, na ukirudi mtapokezana, usiku wako na usiku wake. Akikataa, mweleze habari ya Chiungutwa. Unaijua vizuri kuliko mtu yeyote.

Umesema utarudi mwisho wa Novemba. Huwezi, mihogo ya watoto wako haisubiri korosho za tajiri. Mwambie mkeo utarudi katikati ya Agosti. Lakini hizo wiki tano zilizobaki, ruhusa ikishatoka, kaa pale kwenye njia ya korongo, upande wa Bibi Kibibi, bila kulipwa, mpaka mbegu atakazopanda upya ziwe na usalama. Chakula akikuletea, kula. Asipokuletea, usiulize.

Na ukikaa pale, redio uizime. Nguruwe wamenizoea huko dunguni, lakini wakinisikia njiani kwao hawatapanda.