Simu Haikuuliza Mara ya Pili

Mama,

Bati la nyumba tuliyopewa na kampuni ya mgodi linavuja pale pale ulipokuwa unatandika mkeka wako. Majirani wengi wa zamani wametawanyika: wengine wako Kasaji wanalima, wengine wamejibanza mjini Kolwezi kwa ndugu. Kwenye kilio chako watu hawakujaza hata turubai moja. Wewe uliyekuwa unapikia vilio vya mtaa mzima! Iliniuma, na bado inaniuma.

Lakini leo nakuandikia kwa sababu ya simu.

Shimo la kuchimba madini lilipoporomoka nyuma ya nyumba yetu na kumfukia kaka Trésor, uliacha kulala. Kisha, machozi hayajakauka, katapila la kampuni likaja kutubomolea na kutufukuza. Moyo wako ukawa unakwenda mbio hata umekaa tu. Muuguzi akakupeleka kwa watu wa utafiti, wale wanaogawa simu zenye sauti ya kutuliza hofu. Kijana wao, Hervé, alikueleza vizuri: "Kila asubui, mama, itauliza mulilala namna gani. Kama hamuko muzuri, njo tutajua, tutakuya kuwaona."

Ikauliza. Na wewe, mtoto wa watu wa Sandoa wenye adabu zao za salamu, ukafunga kitenge vizuri mbele ya simu, ukajibu: "Muzuri tu, aksanti. Na kwenu, bote bako bazima?" Ukabonyeza picha ya uso unaocheka.

Nikakuuliza, Mama, mbona umeamka kabla ya jogoo, unatetemeka? Ukanitazama kama mtu aliyekosa malezi. "Mutu akikusalimia, unamumwangia mateso hapo hapo? Kwanza aulize tena, njo unamwambia."

Simu haikuuliza tena. Ilisema aksanti, ikazimika. Nawe ulibaki nayo mapajani, unaingoja, mpaka chai ikapoa. Kila asubuhi hivyo hivyo. Wakati ule nilicheka.

Ulianguka kando ya beseni. Daktari alisema ni tansio, presha ya damu, iliyokuua. Asubuhi hiyo hiyo ulikuwa umebonyeza uso unaocheka.

Hervé alikuja kwenye kilio. Alilia kweli, sitamsingizia. Halafu akanipa pole kwa maneno haya: "Lakini mama alikuwa amepona. Alikuwa mufano yetu." Nilitamani kumpiga kwa sufuria. Kumbe wakubwa wake wanakutaja kwenye mikutano yao: mama aliyefiwa, aliyefukuzwa, akapona kwa simu! Nikamweleza ulivyokuwa unaisalimia. Aliinamisha kichwa. Yeye ni wa Dilolo, upande ule ule wa kwenu, bibi yake anajibu vile vile. Akaenda kuwaambia wakubwa. Wakasema majibu ni yako mwenyewe, hayabadilishwi.

Basi umepona, Mama. Umekufa, lakini umepona.

Nina hasira nao, na nina hasira na wewe pia. Mimi nilikuuliza mara ya pili, nikakuuliza mara ya tatu. Ukasema mtoto habebeshwi mzigo wa mama yake. Siri yako yote ukaitunzia simu ikuulize tena, simu ambayo hata haikujua kukaa chini na mtu. Adabu gani hiyo, Mama? Adabu gani inayoua?

Wamama wenye simu zile bado wapo hapa. Jumatatu nilikwenda kwa Mama Godé, yule tuliyekuwa tunapakana naye kule walikotubomolea. Nikamuuliza amelalaje. "Muzuri." Nikavuta kiti, nikakaa, nikauliza tena. Aliweka mwiko chini. Akasema tangu katapila lipite hajui usingizi, na akifumba macho anasikia ukuta unaanguka. Tuliongea mpaka maharagwe yakaungua.

Nakuahidi nitapita kwa wote, mlango kwa mlango, na Hervé nitakwenda naye. Kisha nitakwenda kwa wakubwa wale, nikiwa na Mama Godé, waniambie usoni kwamba ulipona.

Lala sasa, Mama. Msalimie Trésor. Na huko uliko, wakikuuliza umelalaje, waambie kweli mara ya kwanza.

Binti yako,
Judith