Mkono wa Kaka Yako na Asubuhi ya Vitambaa Vyeupe

Nyumbani, chumba cha ghorofani,
juu ya fundi viatu.
Jumapili, jua limeshapanda.

Mpendwa wifi yangu,

Hujambo mama? Goti lako limekubali kunyooka, au bado unapanda ngazi upande upande kama kaa? Na shemeji anaendeleaje na kile kifua chake? Wale wakorofi wangu wanakula vizuri, wanasoma? Wabusu kila mmoja kwa niaba yangu, hata yule anayejifanya mkubwa na kufuta busu.

Sisi huku wazima. Mapacha wanarefuka mpaka suruali zinawakimbia. Mimi mzima kupita kiasi, wifi, siwezi hata kukaa kwenye kiti dakika mbili. Ukiona mwandiko umepinda, usiseme macho yameanza kuzeeka. Ni furaha hiyo.

Ningeweza kupiga simu, lakini kwenye simu ungenikatiza kila neno, unajijua. Leo utanisikiliza mpaka mwisho.

Habari zenyewe ni za kaka yako. Usishike kifua! Yuko hapa nyuma yangu, amelala mchana kweupe, anakoroma mpaka fundi viatu wa chini ameniuliza kama tumenunua mashine. Ila nianzie mbali kidogo, maana kuna mambo alinikataza nisikwambie.

Unajua anafanya kazi kwa dobi mkubwa, kile kiwanda kinachofua mashuka ya mahoteli na ya hospitali. Usichojua ni kwamba miaka yote hii hakuwahi kuajiriwa pale. Alikuwa kibarua. Kila asubuhi walisimama getini, na nyapara, wanayemwita Filimbi kwa sababu ya ile filimbi isiyomtoka shingoni, anapita akinyoosha kidole. Wewe ingia. Wewe ingia. Wewe, leo hapana. Kwa nini hapana? Hakuna anayeuliza. Anayeuliza hata kesho haitwi.

Wifi, nimeishi na mtu huyo ndani ya chumba kimoja, nikaona jambo hilo linavyomla. Alikuwa anaamka kabla ya jogoo, ananikalia ukingoni mwa kitanda viatu tayari miguuni. Watoto wakicheka kwa sauti, anafoka, halafu anaona aibu, anatoka nje. Mtu akipiga mluzi barabarani, moyo unamwenda mbio mpaka nauona ukirukaruka chini ya shati. Na kikohozi! Alijifunza kumeza kikohozi, kwa sababu Filimbi hachukui anayekohoa. Nilikuwa nikimwambia nenda kapime, ananijibu, "Nikienda kupimwa, nani atasimama getini?"

Mwezi uliopita nikaona anakula wali kwa kijiko, mkono wa kushoto. Nikadhani ni madoido. Siku ya pili, vilevile. Siku ya tatu nikasikia harufu, wifi, harufu ambayo mke haikosei. Nikamshika kiwiko, nikamvua ile glavu aliyokuwa anaingia nayo mpaka chumbani. Mungu wangu! Rola ya mashine ya kupigia pasi mashuka ilikuwa imemlamba kiganja chote. Ngozi imevimba, imepasuka, imeanza kutoa usaha. Na mkono huohuo ndio alikuwa anasukumia mashuka ya moto kila siku, huku akimchekea Filimbi.

"Ningekwambia ungenizuia," akasema.

Nikamburuta zahanati. Muuguzi alimgombeza kama mtoto wa kumzaa mwenyewe. Alimpima presha, akapima tena, kisha akamwambia, "Baba, presha hii ni ya mzee wa kutembelea mkongojo. Unakimbizana na nani?" Akamfunga bandeji nene, akampa dawa, akamwamuru apumzike mpaka kidonda kizibe. Kaka yako akaitikia vizuri sana. Naam, muuguzi. Ahsante, muuguzi.

Asubuhi nikaamka, kitanda kitupu. Dawa zipo juu ya kigoda, mwenyewe hayupo. Nikazichukua, nikamwachia jirani mapacha, nikakimbia na ndara zangu miguuni mpaka kiwandani.

Nikamkuta mstarini, mkono ameuficha mgongoni. Filimbi akamfikia. "Huo mkono una nini?"

"Umekwaruzika kidogo tu, bosi. Jana nimefanya nao kazi, na juzi pia."

"Basi jana na juzi umenidanganya. Hapa si hospitali. Ondoka, na usirudi tena."

Hivyo tu, wifi. Miaka yote ile, kwa maneno hayo machache. Kaka yako akaketi ukingoni mwa mtaro, ule mkono ulio mzima ameubana kifuani, midomo imekauka. Nikajua sasa huyu ananifia hapa. Nikapiga magoti, nikamlowesha uso, nikamwambia pumua, pumua baba, niko hapa.

Sasa sikiliza. Kuna mama mmoja pale, mnene, mcheshi, mkuu wa meza ya kukunjia mashuka. Wenyewe humwita Mama Mashuka. Alikuwa ameshaitwa, mguu mmoja uko ndani ya geti. Akageuka. Akavua kitambaa chake cheupe cha kichwani, akakichana, chaaa!, akajifunga kipande mkononi.

"Filimbi," akasema, "na mimi mkono wangu unauma. Kiwiko hiki hakijakunjuka sawasawa tangu masika. Sijasema kwa sababu ninakuogopa. Leo nimesema."

Akampa jirani yake kipande kilichobaki. Yule akajifunga. Mwingine akachana aproni yake. Wifi, nilisimama nikaona vitambaa vyeupe vinapita mstari mzima kama sahani za harusini, na kila anayejifunga anataja chake. Mgongo. Macho. Kukosa usingizi. Binti mmoja akasema yeye si mgonjwa, ana mimba, na alikuwa anajikaza tumbo kwa nguo lisionekane. Na yule mzee wanayemwita Toroli, anayesukuma magari ya nguo chafu, akasema, "Mimi nina ngiri, lakini mahali pake hapafungiki hadharani. Nifungeni mkononi na mimi." Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega! Hata mimi nikajifunga, na hakuna aliyewahi kuniajiri.

"Nani mgonjwa hapa?" Filimbi akapiga kelele.

"Sote!"

Alipuliza filimbi mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Hakuna aliyesogea. Ndani mashine zimeshapata moto na hazina wa kuzilisha, nje lori la hospitali linapiga honi linataka mashuka safi. Ndipo meneja akashuka, kikombe cha chai mkononi, akauliza kiongozi ni nani.

Mama Mashuka akamwonyesha kaka yako pale mtaroni. "Muulize yule. Mwambie afungue bandeji."

Akafungua. Meneja akatazama, akatafuta pa kuweka kikombe, hakupaona. Na kaka yako, ambaye mimi na wewe tunamjua kwa ukimya wake, akainua uso akasema, "Bosi, sikuficha kwa ujanja. Niliogopa. Naogopa kila asubuhi, na nimechoka kuogopa."

Hapo nililia, sikufichi.

Meneja akasema atalifikiria suala lao. Mama Mashuka akajikalia chini, akakunja miguu. "Fikiri taratibu, baba. Sisi tumekaa." Na wote wakakaa. Dereva wa lori akapiga simu hospitali, hospitali ikampigia meneja, na jua lilipofika utosini meneja hakuwa na chai wala majivuno. Akakubali mbele ya watu wote: kidole cha getini basi, watu wapewe mikataba, na anayeumwa apumzike bila kukatwa mshahara.

Sikuamini. Nilijua atawazungusha, na alijaribu kweli, leo karani hayupo, kesho muhuri umepotea. Lakini Mama Mashuka alikwenda kumleta afisa wa kazi, akamkalisha ofisini kwa meneja kama mgeni wa heshima, mpaka karani na muhuri vikapatikana. Ijumaa hii wametia saini! Kaka yako alisaini kwa mkono wa kushoto, herufi zimelala kila upande, na hajawahi kuandika kitu kizuri kama kile.

Si wote waliopata, nisikudanganye. Walioingia karibuni bado ni vibarua, na Mama Mashuka ameapa hatatulia mpaka nao wasaini. Na mkono umepona, lakini vidole viwili havikunjiki vyema tena. Muuguzi anasema tungekwenda mapema vingepona. Presha imeanza kushuka, ingawa vidonge bado anameza. Hilo ndilo lililotupata, na nimeona uyajue yote, matamu na machungu.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo nilipokuwa nakuja. Tangu anioe, kaka yako hakuwahi kuzungumzia siku iliyo mbali kuliko kesho. Nikimuuliza habari za shule ya watoto, tutaona. Nikitaja safari, tutaona. Nilizoea, nikaacha kuuliza. Leo asubuhi tunakunywa chai, watoto wanagombania mkate, akasema, kama anaomba sukari, "Mwakani nikichukua likizo, twende sote tukamwone dada."

Wifi, mwakani! Nikamwambia hebu rudia. Akanishangaa, akarudia. Mwakani. Kisha akaenda kulala, akaniacha nimeshika birika, natafuta kalamu.

Kwa hiyo jiandae. Tafuta magodoro, ficha vitu vinavyovunjika, maana mapacha wanakuja.

Nisalimie shemeji na wanao wote. Mama mkwe anakusalimu, anasema umpigie kabla hajasahau sauti yako. Mapacha wanakuamkia shikamoo shangazi, na wanauliza kama kwako kuna mbwa. Mungu awatunze miili na roho, awape usingizi wa kushiba.

Ni mimi wifi yako, nikupendaye hata ukinikatiza,
Mama Pacha