Spana za Baba Rahel Kwenye Ulezi wa Harusi

Mama Mshauri, shikamoo, na kama umri wangu umeupita wako basi naipokea mwenyewe marahaba, tusipoteze nafasi ya gazeti. Nakuandikia kwa sababu nyumba yangu haikaliki. Jina langu naomba lisitajwe, andika tu Baba Rahel wa Sumbawanga, maana mimi ni mtu ninayeheshimika, nina duka la mbolea na mbegu na kanisani nakaa benchi la mbele.

Mimi nina kitu ninachokipenda tangu ujana na hakijamdhuru mtu. Nakusanya spana za boksi za zamani, zile seti ndogo za mpini wa robo inchi, sio yale madude ya kufungulia tairi za lori, nasema zile ndogo zinazolala kwenye kasha la bati, kila moja na shimo lake, zilizoletwa na mapadri na wajenzi wa barabara enzi hizo, chuma chake ukikishika unajua umeshika chuma, sio hizi za siku hizi ukikaza mara mbili tu imeshakuwa duara. Ninayo seti niliyoipata kijiji cha Mwazye kwa mjane wa katekista, kasha la kijani, bawaba zake nzima, ilikuwa imepungukiwa moja tu, ile ndogo kuliko zote, isiyozidi punje ya hindi, nikaitafuta miaka na miaka mpaka nikaikuta kijiji cha Kate kwa fundi baiskeli anaitumia kama pambo la ufunguo, nikatamani kulia. Sizitumii, kwa sababu ni za inchi na pikipiki za siku hizi zote ni milimita, na hata zingeingia nisingezitumia, na vijana wa bodaboda wakija kuazima nawafukuza, kwa sababu mtu akiazima spana hairudishi, na akiirudisha ina mikwaruzo.

Sasa adui yangu ni unyevu. Kama wewe unaishi kwenye joto huwezi kuujua ukungu wetu, wakati wa mvua kuta zinatoka jasho, nguo zinanuka kabatini, na chuma kinaota kutu huku unakiangalia. Ndipo nikakumbuka kwamba marehemu baba alikuwa akifukia wembe wake kwenye ulezi, na ulezi ni mkavu, unakaa kihengeni miaka bila kuliwa na mdudu, nikasema basi na chuma kitakaa. Nikazitoa spana kwenye makasha, nikazifunga kwenye vitambaa vyeusi nilivyovipaka oili kidogo, nikafunga kila seti kwa uzi wa rangi yake nisije nikazichanganya, ya Mwazye uzi mwekundu, nikazifukia katikati ya kihenge cha mke wangu Bertilla. Sikumwambia mtu, maana wezi wapo na wanawake wanaongea. Makasha matupu nikayapanga vizuri chumbani kwa binti yetu Rahel, cherehani yake tukaisogeza barazani.

Rahel amechumbiwa na kijana anaitwa Evans, wazazi wake ni Wasukuma wafugaji, wanakaa bondeni huko Milepa, watu wazuri, baba yake ni Mzee Kashinje. Tulikubaliana kupitia kwa mshenga wetu, Bwana Adriano, kwamba wao watoe ng'ombe na sisi tutoe ulezi wa pombe ya harusi. Siku ya kupeleka ulezi mimi nilikuwa Kate nafuatilia seti nyingine, Bertilla akapakua kihenge bila kuniuliza, akajaza magunia alfajiri gizani, wakashuka na Rahel na mshenga, mimi nikawafuata huko huko.

Nimefika nakuta ua umejaa ndugu, wanawake wamemimina ulezi kwenye nyungo, wameacha kupepeta. Mama Evans ameshika ungo wake mbali na mwili. Akauliza, "Hiki mlichotuletea ni nini?" Nyuma yake mtu akasema, "Si tuliwaambia? Watu wa Sumbawanga hao." Unajua mwenyewe mji wetu unavyosemwa nchi nzima kwa uchawi. Mimi nilipouona ule uzi mwekundu nikajua ni seti ya Mwazye, na fundo limefunguka, spana zimesambaa chini kwenye vumbi, sikufikiri mara mbili, nikapiga magoti nikaanza kuokota huku nazihesabu polepole. Mtoto mmoja akanyoosha mkono nikampigia kelele, "Usiguse!" kwa sababu mkono wa mtoto una jasho na jasho ndilo linaloanzisha kutu. Mzee Kashinje akasema kwa upole kabisa, "Mkwe, tueleze, hivi ni vitu gani?" Nikamwambia, "Nitakueleza nikimaliza, kuna moja haijaonekana." Rahel alikuwa amesimama mlangoni, alisema kitu, sikumbuki ni nini.

Ile ndogo kuliko zote ikaonekana miguuni pa Mama Evans, na kabla sijaifikia wazee wakaichukua kwa jani, wakasema hii inabaki hapa mpaka wakae kikao. Wakaturudishia ulezi wetu na harusi wakasema isubiri. Bertilla alipanda mlima akiniacha nyuma. Tulipofika nyumbani ndipo akasema, "Baba Rahel, vyuma vyako nimevivumilia tangu unioe. Leo umepiga magoti mbele ya wakwe. Nikadhani unaomba radhi, kumbe unatafuta spana!" Amehamia chumbani kwa Rahel, makasha yangu yote ameyatupa barazani kwenye ukungu, kihenge amekitia kufuli, na anasema akipita mnunuzi wa chuma chakavu atamwita.

Naomba unisaidie mambo matatu. Kwanza, nizihifadhi wapi spana sasa? Pili, nimfanyeje mke wangu aniombe radhi kwa kupakua kihenge bila kuniuliza, maana yote haya yameanzia hapo. Tatu, nitumie lugha gani ya heshima kuidai ile ndogo kutoka kwa wakwe, kwa sababu bila hiyo seti ya Mwazye haina maana tena. Na kuhusu harusi, kama unalo neno, sema.

Baba Rahel, Sumbawanga

MAMA KLEMENTINA ANAJIBU

Baba Rahel, marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka hadi mhariri akaja kuniangalia. Mara ya pili nilikasirika, na hasira ndiyo iliyobaki, kwa hiyo jiandae.

Kuhusu jina lako, mimi sikulitaja. Umenitajia duka, benchi la kanisani, mke, binti, mchumba, baba mkwe na mshenga. Hapo Sumbawanga asiyekujua ni mgeni aliyeshuka kwenye basi leo asubuhi.

Nianze na la kukupoza. Kupenda spana sio kosa. Kaka yangu alikuwa akikusanya redio mbovu, chumba kizima, na hakuna hata moja iliyowahi kusema habari za saa mbili. Tulimsema sana, lakini jioni tulijua yuko wapi. Wapo wanaume wenzako wanaokusanya mambo mengine huko nje, na barua za wake zao ninazo hapa mezani. Wewe una spana. Mshukuru Mungu, na Bertilla naye ashukuru kidogo.

Lakini kihenge, Baba Rahel! Umeandika kwa mkono wako, "kihenge cha mke wangu." Aliyelima ulezi ule ni nani? Aliyeupalilia, akauvuna kwa kisu suke kwa suke, akaupura na kuupepeta ni nani? Kisha mtu anakuja kimya kimya anafukia matambaa ya oili katikati ya chakula, halafu anataka mwenye chakula aombe ruhusa ya kupakua! Bertilla hadaiwi. Wewe ndiye unayedaiwa radhi, na umpe leo, kwa maneno mafupi, bila kuanza kumweleza habari za ukungu. Ukungu hata mimi naufahamu, nimezaliwa Nkasi, huko huko kwenu.

Sasa jiweke kwenye nafasi ya Mama Evans. Ameletewa nafaka ya harusi ya mwanawe. Anaimimina, kinatoka kitambaa cheusi kinachonuka mafuta, kimefungwa kwa uzi mwekundu, ndani kuna vyuma vidogo vidogo ambavyo hajawahi kuviona. Baba wa binti anaingia mbio, salamu hakuna, anapiga magoti, ananong'ona hesabu, anafukuza watoto wasiguse, na akiulizwa ni nini anasema subirini nimalize. Mimi ningeruka ua. Mzee Kashinje alikuita mkwe na kukuomba ueleze. Hiyo ilikuwa nafasi yako ya dhahabu, na maneno manne tu yangetosha: ni spana zangu, samahani. Ukaona heri utafute iliyopotea.

Na usijidanganye kwamba ni harusi tu iliyosimama. Wewe na mimi tunajua maneno ya namna hii huku kwetu yanakofika. Leo ni minong'ono ya uani. Kesho Bertilla anapita sokoni na watu wanapisha. Na hata hiyo harusi ikifungwa, Rahel ataingia kwenye ule mji akiwa binti wa watu waliofukia vitu kwenye nafaka. Siku mtoto wa shemeji yake atakaposhikwa na homa, siku ndama atakapokufa, unadhani watamwangalia nani? Mwanao anaweza kulipia ujinga huu maisha yake yote, na kwenye barua yako ndefu, yenye bawaba nzima na kasha la kijani, yeye umempa nafasi ya kusimama mlangoni na kusema kitu usichokikumbuka. Hapo ndipo nilipoacha kucheka.

Kwa hiyo fanya hivi, na usiongeze la kwako.

Leo hii rudisha cherehani ya Rahel chumbani. Kisha kaa naye, umuulize alisema nini siku ile, na umsikilize mpaka amalize, hata kama ni maneno ya kukuchoma. Usijitetee.

Kesho mtume Bwana Adriano bondeni akuombee nafasi kwa Mzee Kashinje, mchana, watu wakiwepo, na hasa wale waliokuwepo siku ile. Nunua ulezi mwingine kwa pesa yako, kwa mtu mwingine, usiutie mkono. Magunia yafunguliwe na yapepetwe huko huko mbele ya kila mtu.

Na uchukue spana zako zote. Zote, Baba Rahel, na makasha yake. Tandika mkeka pale pale ulipopiga magoti, uzipange kwenye mashimo yake waone ni seti ya vifaa vya fundi. Watoto ndio waanze kuzishika, kwa mikono hiyo hiyo ya jasho. Halafu muulize Mzee Kashinje kama ana pampu ya zamani ya kuogeshea ng'ombe, au mashine yoyote ya enzi hizo yenye nati iliyogoma. Mfugaji hakosi kitu cha namna hiyo nyuma ya nyumba. Ifungue mbele yao. Wausikie ule mpini ukilia krr, krr, krr, waone nati inatoka. Zitakwaruzika, najua. Spana ilitengenezwa ikwaruzike.

Mahali pa kuzihifadhi unapo, sijui kwa nini unaniuliza. Una duka. Weka rafu ya juu, mbali kabisa na mbolea maana mbolea inakula chuma kuliko ukungu, futa kila moja kwa kitambaa kikavu chenye oili kidogo, na ndani ya kila kasha weka kifuko cha mkaa mkavu, uubadilishe mvua zikizidi. Marehemu baba yako alikuwa na wembe mmoja, hakuwa na stoo nzima.

Ile ndogo kuliko zote usiidai. Usiiulizie, usiitazame, usimtume Adriano aiulizie kijanja. Wakikurudishia, wape wabaki nayo. Seti yako ya Mwazye itaishi bila hiyo kama ilivyoishi kabla hujaenda Kate.

Limebaki moja, na hili ndilo gumu kwa mtu wa benchi la mbele. Kabla ya kuonyesha chochote, simama katikati ya ule ua useme kwa sauti: vitu hivi ni vyangu peke yangu, mke wangu hakujua, binti yangu hakujua, nilivificha kwenye ulezi kwa sababu niliogopa kutu. Waambie na habari ya wembe wa baba yako. Waambie na yule fundi baiskeli, na kwamba ulitamani kulia. Usipunguze hata moja. Kuna mwanamke mmoja ataanza kucheka nyuma, kisha mwingine, kisha ua mzima, na Mama Evans atacheka mpaka ashike mbavu, na habari itapanda mlima kabla yako, na mjini utaitwa Baba Spana hadi uzeeni. Itauma. Lakini watu wakishamcheka baba namna hiyo, hawawezi tena kumwogopa binti yake, na Rahel atalala usingizi wake katika nyumba ile. Nenda ukachekwe, Baba Rahel.